Shikamoo ya Hamisi na Kikombe Kilichokataa Kuvunjika

Wajukuu zangu mnaoingia karakana ya Mtanda msimu huu, chukueni kikombe kimoja cha mche pale kwenye rafu, mkibonyeze kwa vidole mpaka midomo yake ikutane. Sasa mkiachie. Kimerudi? Haya, kaeni. Kurudi kwake huko kumetutoa jasho wote, na mtu mmoja kumemtoa shikamoo ambayo mpaka leo anaidai arudishiwe.

Mimi ni Bi Mwanahawa binti Selemani, mzaliwa wa Milola, mkazi wa hapa hapa Mtanda. Shule niliishia darasa la nne, ila majina ya watu hayanitoki. Ukinitajia jina lako leo, nitakukumbuka wewe na mama yako na yule aliyekukatia kitovu. Mambo ya vipimo waulizeni wenye vyeti. Mimi nitawaambia nani alisimama wapi na nani alisema nini, kwa sababu kazi hii imepitia kwenye vinywa vya watu kabla haijapitia kwenye mashine.

Wakati huo nilikuwa naitwa Bi Kaukau. Jina hilo nilipewa na binamu yangu Hamisi Likunda wa Kiranjeranje, mtoto wa mjomba wangu. Kwetu mtoto wa mjomba ni mtani. Anaweza kuingia kwako akakamata kuku akaondoka naye, anaweza kukuita mchawi mbele ya mkweo, na wewe ukinuna, basi mwenye kosa ni wewe. Hamisi ana kitalu cha mikorosho, na ndiye alikuwa mteja wetu wa kwanza wa vikombe vya plastiki inayooza.

Mkorosho mnaujua. Mzizi wake mkuu una kiburi. Ukiung'oa kwenye kiriba cha kawaida cha nailoni, ukaugusa vibaya kidogo, mche unanuna na kufa. Ndiyo maana tulisema tutengeneze kikombe cha wanga wa mihogo na mahindi, unachimba shimo, unatumbukiza mche na nguo zake zote, udongo unamaliza kazi. Wazo zuri. Tukapakia kenta, tukaenda Kiranjeranje tumevaa kanga mpya.

Tulipofungua turubai, nusu ya vikombe vilikuwa vimepasuka kama maganda ya yai na mizizi iko nje inatuangalia. Hamisi akachukua kikombe kimoja kizima, akakigonga kwa kidole. Kikalia ting. Akakibana kidogo kwa vidole viwili, kikasema tak, kikawa vipande mkononi mwake. Akachagua kipande, akakitia mdomoni, akajifanya anatafuna.

"Chumvi imekolea," akasema. "Jamani karibuni, binamu yangu kaleta kaukau za muhogo wa kukaanga."

Kiranjeranje nzima ikacheka. Nami nikacheka, ningefanya nini, ni mtani. Akaona haitoshi. Akapanda juu ya gogo, akasema kwa sauti ya muadhini: "Siku Mwanahawa atakayoniletea kikombe nisichoweza kukivunja, mimi Hamisi Likunda nitamwamkia shikamoo."

Hapo watu wakashika mbavu. Hamisi ni mkubwa wangu. Utotoni alikuwa akinibeba mgongoni tukienda kisimani, na mara kadhaa alinidondosha. Yeye kunipa mimi shikamoo ni sawa na mnazi kumwinamia muhogo.

Mtu mmoja tu hakucheka. Huyo ni mwenye mashine, bwana aliyekuja na gari kutoka Dar es Salaam, jina lake nalijua mpaka la babu yake lakini si la kuandikwa hapa. Alimvuta pembeni Salma binti Yusufu, msichana msomi aliyekuwa bosi wetu, akamwambia maneno machache nami nikayasikia, maana masikio yangu wakati huo yalikuwa bado yanafanya kazi yake.

"Mvua za kupandia zikianza na vikombe bado viko hivi," alisema, "mashine nairudisha Dar."

Basi jueni hilo ndilo lililokuwa mezani. Mashine ikiondoka, karakana ni banda la mabati lenye mbuzi ndani. Na mimi narudi kubangua korosho. Nimebangua korosho tangu usichana, yale mafuta ya ganda yamenila vidole mpaka sikuweza kushika kijiko cha moto wala cha baridi. Karakana ndiko ngozi ya mikono yangu ilikorudi. Sikuwa tayari kuiaga tena.

Mtaniuliza, bibi wewe uliingiaje kwenye plastiki? Niliingia kwa chai. Nilikuwa nawapikia chai mafundi, mimi na Bi Somoe Mpili, huyu huyu mpishi wa shughuli ambaye Lindi nzima imekula pilau yake. Siku moja nikamsikia Salma akimwambia Fundi Benedikti, mwendesha mashine, kwamba plastiki hii inahitaji kuchanganywa na mpira wa asili, yaani utomvu, ili ijifunze kunyumbuka. Akauliza, hivi kwenye misitu ya huku kuna mti wowote wenye utomvu wa mpira?

Nikaweka birika chini. "Mabungo," nikasema.

"Yale matunda?"

"Mmea wake. Ule unaotambaa juu ya miti. Sisi Milola tulikuwa tunajitengenezea mipira ya kuchezea."

Akataka kuona. Nikamwambia ukate mmea kidogo, utomvu ukitoka unaupaka kwenye mkono, hapa kwenye kigasha, jasho lako linaugandisha, kisha unausokota kuanzia kwenye kiwiko kuja kwenye kiganja. Salma akasema tujaribu. Mimi mkono wangu mzee, wake una saa. Wote tukamtazama Fundi Benedikti. Huyo ni Mmatumbi wa milimani, Mkatoliki, mtu mpole, mwenye mikono yenye manyoya kama nyani wa msitu wa Rondo.

"Kwa nini mnanitazama?" akauliza.

Tukampaka. Utomvu ukaganda vizuri sana. Nilipoanza kuusokota, Benedikti aliwataja watakatifu ambao hata padri wake hawajui. Mpira tuliupata, ukadunda mpaka kwenye paa, ila ulikuwa na nywele. Na kigasha cha Benedikti mpaka leo kina uwazi kama njia ya siafu. Tangu siku hiyo Salma akasema, bibi, acha birika, njoo huku. Utomvu wenyewe baadaye tukawa tunaletewa kwa mapipa kutoka mashamba ya mpira ya upande wa Tanga, umetiwa amonia usigande njiani, kwa sababu mabungo ya msituni ukiyakamua kwa biashara utayamaliza, na watoto watakula nini.

Nikadhani kazi imekwisha. Chukua mpira, tia kwenye plastiki iliyoyeyuka, koroga, toa kikombe. Tulifanya hivyo. Vikatoka vikombe vyenye madonge kama wali uliomwagiwa dengu, na kila donge ukilivuta linachomoka peke yake, linaacha tundu. Bi Somoe akasema hii si ndoa, hawa wamelazimishwa.

Salma akatuketisha. Msichana yule alikuwa na kipaji cha kueleza, nami nawapa maneno yake kama alivyoyasema.

"Bi Mwanahawa, kitu kikipasuka, ule ufa ni kama kijana anayekimbia mtaani. Mtaa ukiwa mtupu, anatoka mwanzo mpaka mwisho kwa mbio moja. Hivyo ndivyo plastiki yetu ilivyo. Ngumu, lakini mtaa mtupu. Sasa weka wazee kwenye baraza za nyumba."

"Atasimama," nikasema.

"Kwa nini?"

"Shikamoo. Kila baraza lazima asimame aamkie. Ataulizwa hali ya mama yake, ataulizwa baba amerudi shamba. Akifika baraza ya kumi, mbio zimekwisha."

"Ndiyo hivyo. Matone madogo ya mpira ndio wazee. Ufa unafika, unasimama, unachoka. Lakini mpira mbichi na plastiki hii hawajuani. Ni mzee mgeni, kijana hamjui, anampita tu. Kwa hiyo mpira lazima tuurekebishe kwanza. Tuupe undugu na plastiki."

Nimeishi miaka mingi, wajukuu zangu, lakini sijawahi kusikia somo likaingia kichwani namna ile. Nilitembea mpaka nyumbani nikihesabu baraza.

Kurekebisha ndiko kupika kwenyewe. Utomvu mweupe kama tui unawekwa kwenye sufuria, na sufuria ndani ya sufuria kubwa ya maji ya moto, juu ya jiko la mkaa, maana umeme ulikuwa na safari zake. Kwanza unatia sabuni yake maalumu, si ile ya unga ya kufulia, inayozuia utomvu usikatike. Halafu tone kwa tone inaingia asidi, ile ile anayokutia sisimizi akikuuma, na maji makali ya oksijeni, ndugu mkubwa wa yale ya kusafishia vidonda. Unakoroga taratibu, upande mmoja. Moto mdogo. Glavu, miwani, na upepo unapita. Mtu akija kuwaambia ajaribu nyumbani kwa sufuria ya mkewe, mwambieni Bi Mwanahawa amekataa.

Kukoroga nilikujua. Anayejua tui la nazi lisikatike, huyo ana nusu ya kazi hii. Lakini hapo hapo ndipo tulipoharibu, na tulichoharibu kilitokana na mapenzi.

Salma alikuwa anatupa muda. Anasema, mshale wa saa ukifika hapa, toeni. Kisha anaondoka kwenda kupima mambo yake. Sasa fikirieni, mimi na Bi Somoe ni watu wa sufuria za shughuli. Tumepika mahali ambapo wali mbichi ni aibu ya ukoo. Tunautazama utomvu, haujabadilika rangi, haujanukia, hauna dalili ya kuiva.

"Huyu mtoto hajawahi kupikia watu," Somoe ananong'ona. "Hiki bado kibichi."

"Tuongeze kidogo?"

"Kidogo tu. Kishike."

Basi kila siku tukawa tunaongeza kidogo tu. Somoe kidogo chake, nami kidogo changu juu ya chake. Vikombe vikatoka vizuri kuliko kaukau, madonge hakuna, lakini ukikiangusha toka kichwani bado kinapasuka. Salma hakulala vizuri. Akasema labda utomvu wa Tanga umechakaa njiani. Fundi Benedikti akasema labda mashine inachoka, akaifungua yote akaifunga tena. Bi Somoe yeye alikuwa na mtu wake.

"Hamisi," akasema. "Yule mtani wako ana jicho. Alivyokitazama kile kikombe cha kwanza, hakikupasuka kwa vidole. Kilipasuka kwa jicho."

Nilimwambia aache. Hakuacha. Mvua zilikuwa zimeanza kunusika, mawingu yanatoka baharini asubuhi na kurudi jioni kama wafanyakazi, na tulikuwa tumebakiwa na pipa moja la mwisho la utomvu. Salma alikuwa ameshapiga simu Kiranjeranje kuaga, nusu kwa utani nusu kwa kweli. Siku hiyo nikatoka kidogo kuchota maji. Niliporudi nikamkuta Bi Somoe amesimama juu ya sufuria ya utomvu wa pipa lile, ngumi imefumbwa, anaizungusha huku midomo inacheza. Nikajua ni chumvi ya mawe. Kwetu chumvi ikizungushwa hivyo inatupwa motoni, ikilia patapata, jicho la mtu limepasuka.

Nikaona ngumi inafunguka. Haikufungukia motoni.

"Somoe."

"Jicho haliko motoni, Mwanahawa," akaniambia kwa utulivu wa shehe. "Limo ndani ya sufuria. Nimelifuata huko huko."

Sufuria ikanyamaza kidogo, kama mtu aliyetukanwa anayetafuta jibu. Kisha utomvu wote ukakatika. Nawaambia ukakatika. Maji upande huu, bonge jeupe upande ule, limejikunja kama kitumbua kilichokosa mafuta. Bi Somoe akachungulia.

"Limetoka," akasema.

Salma akaja mbio. Akatazama bonge, akatazama ngumi ya Somoe ambayo bado ilikuwa na chembe. Hakugomba. Alikaa juu ya ndoo iliyofunikwa, akashika kichwa. Fundi Benedikti akazima redio, nami nikasikia vidole vyangu vikianza kuwasha, kama vinavyowashwa na mafuta ya korosho, kabla hata sijayarudia.

"Lilikuwa limekaa jikoni muda gani?" Salma akauliza mwisho.

"Muda wako," nikasema. "Ule uliotupa. Hatukuwa tumeanza kuongeza."

Neno limeshatoka. Bi Somoe akanitazama, nami nikamtazama kuku aliyekuwa anapita.

"Kuongeza nini?" Salma akasema.

Benedikti, mtu wa kweli, akajibu kwa niaba yetu: "Dada Salma, hawa mabibi huwa wanakiivisha."

"Kila siku?"

"Kidogo tu," Bi Somoe akasema.

Salma alifungua mdomo. Tukangoja kilio. Kikatoka kicheko, cha kwanza kidogo, halafu cha pili kikavuta cha tatu, mpaka ndoo ikapinduka na yeye akakaa chini kwenye maji ya utomvu anajifuta machozi. "Mmeniivishia mpira," alikuwa akisema. "Mimi nahangaika na Tanga, kumbe mmeniivishia mpira."

Akatueleza akiwa pale pale chini. Ule undugu unaotiwa kwenye mpira una kiasi chake. Ukizidi, mpira unapoteza ulaini. Ni mzee aliyefunzwa adabu mpaka akawa mgumu kama mlango, kijana akimfikia hamsimamishi, anajigonga naye wote wawili wanaanguka. Na yeye kosa lake alilisema mwenyewe: alikuwa anapima vikombe kila siku, mpira wenyewe hakuwahi kuupima baada ya kutoka jikoni, maana aliamini sufuria iko mikononi mwa wapishi.

"Kwa hiyo hili bonge," nikamuuliza, "limeiva au halijaiva?"

"Hili ndilo la kwanza kutoka kwa wakati," akasema. "Lioshwe."

Tuliliosha. Enyi mnaoanza kazi, kama mtasahau yote niliyoandika, msisahau kuosha. Mnakamua, mnamwaga, mnatia maji mapya, mnakamua tena, mpaka karatasi ya kupimia isionyeshe asidi tena. Msipime kwa ulimi. Nasema hivyo kwa sababu Bi Somoe alitaka. Kisha unakata vipande vidogo, unakausha kivulini, jua la Lindi linauzeesha mpira kabla ya siku zake. Na zile punje za plastiki nazo lazima zikaushwe kwenye tanuri kabla ya kuyeyushwa, hata kama zinaonekana kavu, hata kama mmezitoa sasa hivi kwenye mfuko. Hewa yetu ya pwani ina maji ndani, ndiyo maana chumvi kwenye kikopo inaloa. Punje ikiingia na unyevu, inayeyuka ikawa uji, na kikombe kinatoka kimedhoofika toka kuzaliwa. Moto ukizidi, utanusa harufu ya nywele zilizoungua. Ukinusa hiyo, umeshachelewa. Mpira ukiwa mwingi kikombe kinalegea kama sikio la mbuzi, ukiwa kidogo unarudi kwenye kaukau. Utie kama chumvi, si kama sukari.

Kikombe cha kwanza cha bonge lile kilipotoka, Benedikti alikigonga kwa kidole. Hakikulia ting. Kilisema tup, kama mtu anayegonga mlango kwa adabu. Nikakikunja. Pale kwenye kunjo pakawa peupe, kama kucha ukiibonyeza. Nikaogopa, nikadhani ndiyo ufa unaanza. Salma akanishika mkono. "Acha. Huo weupe ni wazee wanafanya kazi." Nikakiachia, kikarudi. Nikakiangusha, nikakikanyaga, nikakirusha ukutani. Bi Somoe akakiomba, akakitia kwapani akaenda kuwaonyesha majirani, ikabidi tumfuate kukichukua.

Pipa lile lilitosha vikombe vya kenta moja tu. Tukapanda miche, tukaingoja isimame, na mvua za kwanza zilipogusa paa tukapakia. Dereva wetu alikuwa Shaibu Ngonyola, ambaye shimo barabarani hulitafuta kama mtu aliyedondosha kitu humo. Nilimwambia leo usikwepe hata moja. Akasema, bibi, kwani huwa nakwepa?

Kiranjeranje walikuwa wamejipanga. Mwenye mashine amekuja na gari lake, na nyuma yake lori tupu la kubebea mashine, limesimama na injini inawaka. Hamisi amevaa kanzu na kofia ya viua kama anakwenda maulidi.

"Bi Kaukau karibu," akasema. "Nimekuja na pilipili leo."

Turubai likafunguliwa. Miche imesimama, yote imevaa nguo zake. Watu wakasogea. Hamisi hakutaka kuamini macho, akachukua kikombe kitupu, akakigonga. Tup. Uso wake ukabadilika kidogo. Akakibana kwa vidole viwili, kikakubali kubanwa. Akaachia, kikarudi.

"Kina mapepo," akasema.

"Kikanyage," nikamwambia.

Akakanyaga kwa kisigino. Kikalala, kikaamka. Akakipiga chini, kikaruka kikamgonga mama mmoja, Bi Tatu Mnali, ambaye alikirudisha mwenyewe. Akaomba mpini wa jembe, akakitwanga. Kikawa na mistari myeupe kama mzee aliyeota mvi, lakini ufa hakuna. Sasa watu wameanza kuhesabia kwa makofi, na Hamisi jasho linamtoka, na mimi macho yangu yalikuwa kwenye lile lori tupu, siyo kwake.

"Mnanitazama kama mwanasesere," akasema. Akavua viatu, akakiweka kikombe juu ya jiwe, akapandisha kanzu, akaruka kwa miguu miwili.

Kikombe kilibonyea, kisha kikachomoka chini ya nyayo zake kama sabuni bafuni. Kikaenda kule, Hamisi akaja huku, akatua kwa makalio kwenye udongo uliolowa, kofia imefunika jicho moja.

Hata mbuzi waligeuka kutazama.

"Kimenisukuma," Hamisi akasema.

"Kikombe hakina mikono, binamu."

Mtoto mmoja akakileta, akanipa. Nikakiinua juu. Kizima. Watu wakaanza pole pole, kama wanaoimba: amkia, amkia, amkia. Hamisi akanyoosha kofia yake. Akatazama kulia akatafuta mtani wa kumtetea, hakumpata. Akatazama mbingu, ikamnyeshea.

"Shikamoo, Mwanahawa," akasema kutoka pale chini.

Nilikuwa nimepanga maneno mengi, nimeyapanga tangu Mtanda. Yote yakanitoka.

"Marahaba, mwanangu," nikasema. "Inuka, umeukalia mche."

Vigelegele vilivyopigwa sikuvisikia vizuri, kwa sababu nilikuwa nasikiliza injini. Mwenye mashine alizunguka kenta yote, akashika vikombe kimoja kimoja, halafu akaenda kwa dereva wa lori, akampiga begani. Injini ikazimwa. Akamwita Salma, akamwuliza vikombe vingine vitapatikana lini. Bi Somoe akawa anamweleza mke wa mwenye mashine, aliyekuwa amekaa garini, habari za chumvi, Salma akamfunga mdomo kwa kipande cha muhogo.

Mashine ndiyo hiyo mnayoisikia inanguruma hapo nyuma yenu. Kwenye ukuta wake mtaona kibao alichokiandika Salma kwa rangi nyekundu: CHUMVI MARUFUKU. Wageni huuliza maana yake. Sasa nyinyi mnaijua.

Na shikamoo? Ngojeni.

Masika yakapita, kiangazi kikapita, mvua nyingine zikaanza. Asubuhi moja nimekaa na chai yangu, mlango unafunguliwa bila hodi. Hamisi. Ametoka Kiranjeranje na basi la kwanza, amebeba furushi la kitambaa. Akalifungua mezani kwangu, juu ya mkeka wa sahani. Bonge la udongo, na ndani yake vitambaa vitambaa vya kikombe, vimelika, vimelegea, na mizizi imevipenya kila upande.

"Uliniambia hakivunjiki," akasema.

"Sikukuambia hivyo. Nilikuambia ukikanyage."

"Nimefukua mche mmoja makusudi. Tazama. Mzizi, kitu laini kama uzi, umekipasua."

"Hamisi, kimetengenezwa kioze. Njiani kiwe kigumu, udongoni wadudu na maji wakile. Ndiyo kazi yake."

"Maneno ya Salma hayo. Mimi nina swali. Mzizi ni wa nani?"

"Wako."

"Mkorosho?"

"Wako pia."

"Basi kikombe nimekivunja mimi." Akavuta kiti, akakaa kama hakimu. "Nimekuja kuchukua shikamoo yangu."

Nikammiminia chai. Nikatia sukari, nikakoroga upande mmoja, taratibu, bila kuivisha zaidi. Nikamsogezea.

"Ulikikanyaga wewe, hukukiweza," nikamwambia. "Ulikitwanga kwa mpini, ulikirukia na kanzu yako, hukukiweza. Mzizi umekaa kimya kwenye giza umekiweza. Kwa hiyo na mzizi nao ni mkubwa wako. Rudi Kiranjeranje, ukauamkie."

Hamisi alifikiri. Akanywa chai yote mpaka majani ya chini. Akakunja kitambaa chake, akatoka. Nilidhani nimemmaliza, mpaka niliposikia kelele uani, nikachungulia dirishani, nikamwona anakwenda stendi kwa mwendo wa mshindi, kuku wangu mwekundu akipiga mbawa kwapani mwake.